Haraka Yako Usimbebeshe Mpangaji

Mwanangu, mpango wako nimeusikia wote, na sikukukatiza. Una akiba ya miaka ya kazi. Benki imekubali kukuongezea. Dalali amekuletea pagale la vyumba sita huko Chanika, Dar es Salaam, na anasema mwenye nalo anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi kwa kuwa kuna mteja mwingine. Umeniomba baraka. Nitakupa, ila zikae mwisho. Haya nitakayokuambia nimewaambia kaka zako, nikawaambia na rika lako, na wengi waliitikia "ndiyo, mzee" huku macho yako kwenye simu ya dalali. Nayasema tena kwa sababu bado yana faida, na kwa sababu wewe ni wangu.

Neno langu ni moja, mengine yote yanatoka humo. Mwenye nyumba akiwa na haraka, gharama ya haraka hiyo humwangukia mpangaji. Akinunua kwa pupa bondeni, anayeamka usiku godoro likielea ni mpangaji. Akikopa bila hesabu, anayepandishiwa kodi ni mpangaji. Akibana saruji, ukuta unawaangukia watoto wa mtu aliyelipa miezi sita mbele. Kwa hiyo kila uamuzi utakaoufanya, kabla ya kuuliza utaingiza shilingi ngapi, uliza kwanza nani atalipa ukikosea.

Wewe umezaliwa zama ambazo nyumba ya kupangisha ni sifa. Sisi tulikulia zama nyingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au wa Serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kutwaa Majengo, na majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi ile ikahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Sharti la viongozi nalo lililegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na tangu hapo kila mwenye uwezo anajenga na kupangisha bila kificho.

Sikukumbushi haya ili uogope. Utwaaji ule uliumiza watu waliojenga kwa jasho lao, na sitaki urudi. Lakini swali lililokuwa nyuma ya Azimio halikufutwa pamoja na sharti lake. Huyu anayepokea kodi kila mwezi, amemfanyia nini anayemlipa? Jibu la halali lipo. Amempa paa lisilovuja, choo kinachofanya kazi, maji, mlango unaofungika, na amani ya kujua kwamba mwezi ujao atalala hapo hapo. Kodi ni malipo ya hayo. Mwenye nyumba asiyetoa hayo anachukua fedha ya mtu bure, hata kama ana hati yenye muhuri.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana dalali alikuonyesha zitakazoingia na hakukuonyesha zitakazotoka. Chukua kalamu. Pagale unaambiwa milioni 25. Kulimaliza, ukiwa mwangalifu, tuseme milioni 15: bati, dari, milango, nyaya, sakafu, choo, rangi. Jumla milioni 40, na humo akiba yako ni milioni 10 tu, 30 ni za benki. Vyumba sita kwa shilingi 50,000 ni 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Hapo ndipo dalali alipoishia. Wewe endelea. Kodi ya mapato ya pango ni shilingi 10 kwa kila mia, hiyo ni 360,000. Vyumba havijai mwaka mzima. Mtu anahama, wa kumrithi anakawia, ukihesabu mwezi mmoja mtupu kwa kila chumba umepoteza 300,000. Kitasa, bomba, bati lililopeperuka, gari la majitaka, rangi, kodi ya jengo: weka 300,000 nyingine, na mwaka mbaya haitatosha. Zimebaki 2,640,000.

Upande wa pili weka benki. Riba za mikopo ya benki nchini zimekaa kwenye wastani wa 15 hadi 16 kwa mia miaka hii ya karibuni. Milioni 30 kwa 16 kwa mia ni riba ya 4,800,000 kwa mwaka wa kwanza, na hapo deni lenyewe hujaligusa. Umeona? Hata vyumba vyote vikijaa, wote wakalipa kwa wakati, na wewe usinunue hata balbu, kodi haifiki kwenye riba. Pengo utaliziba na mshahara. Mshahara ukiyumba utaliziba kwa kupandisha kodi, na mpangaji wa 50,000 ataambiwa 70,000 si kwa sababu chumba kimekuwa bora bali kwa sababu wewe una rejesho. Rejesho halingoji chumba kipate mtu.

Usinielewe kwamba nyumba ni biashara mbaya. Ardhi hupanda thamani, na nyumba iliyojengwa bila deni hukufaa uzeeni kuliko mambo mengi. Ninachosema ni kwamba lazima uilinganishe na njia nyingine zilizo wazi kwako. Hatifungani za Serikali za miaka 20 na 25 zilizouzwa kati ya mwaka 2021 na 2024 zilikuwa na riba ya zaidi ya 12 kwa mia kwa mwaka. Mfuko wa uwekezaji wa pamoja uitwao Umoja, wa UTT, upo tangu mwaka 2005, na mtu anaingia kwa fedha kidogo. Ile 2,640,000 juu ya milioni 40 ni kama 6.6 kwa mia, tena kwa kukimbizana na vyoo. Thamani ya kiwanja inayopanda huishiki mkononi mpaka uuze, na ukiuza kuna kodi ya faida inakungoja. Mtu anayejua haya yote, halafu bado akachagua nyumba, amechagua akiwa macho. Huyo simzuii.

Sasa ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Unachonunua ni haki ya kuitumia, kwa miaka 33, 66 au 99 kama kuna hati. Pale Chanika umeonyeshwa nini? Umeonyeshwa karatasi ya mauziano. Naijua karatasi hiyo bila kuiona. Juu limeandikwa jina la mtaa. Chini yake jina la muuzaji na mnunuzi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, ukubwa kwa hatua za miguu. Halafu mipaka: kaskazini barabara, kusini bwana fulani, mashariki bibi fulani, magharibi mtaro. Mashahidi wawili, dole gumba la mmoja wao, muhuri wa serikali ya mtaa, sahihi ya mwenyekiti. Karatasi hiyo ina maana yake, lakini inathibitisha jambo moja tu: kwamba watu hao walikaa pamoja siku hiyo wakakubaliana. Haithibitishi kwamba muuzaji alikuwa na cha kuuza. Haikuambii kama wiki iliyopita aliandika nyingine kama hiyo na mtu mwingine.

Basi fanya kazi ambayo haraka haikuachii nafasi ya kuifanya. Kama wanasema kuna hati, nenda kafanye upekuzi kwa Msajili wa Hati, ujue jina lililomo ni la nani na kama benki imeishika kwa mkopo. Kama hakuna hati, waendee wale majirani wa pande nne, mmoja mmoja, bila dalali. Waulize eneo ni la nani, lilipatikanaje, kuna kesi? Uliza kama ni la urithi. Kama ni la urithi, msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni nani, na warithi wengine wanajua? Ndugu mmoja aliyeko Tabora asiyejua kwamba nyumba ya baba imeuzwa anaweza kukutokea baada ya miaka kumi. Uliza kama muuzaji ana mke, na mke yupo kwenye karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mke aliyefichwa hana kosa siku akija kudai.

Kisha tazama maji na barabara. Nenda mvua za masika zikinyesha, siyo kiangazi. Maji hufuata mkondo, na hayaulizi kama umeshapaua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafagia watu wa bonde la Msimbazi, Serikali ikawahamishia baadhi yao Mabwepande. Wengine wakarudi, na Desemba 2015 nyumba za bondeni zikavunjwa. Waliokuwa na nyumba pale walipoteza mali. Waliokuwa wamepanga walipoteza vyombo, na kodi waliyolipa mbele hawakurudishiwa.

Barabara nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 2017 nyumba zilibomolewa kando ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, kwa hoja ya kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kutoka katikati kila upande. Humo kulikuwa na watu waliounganishiwa umeme na maji kwa njia halali, wakadhani kuunganishiwa ni ruhusa. Alama ya X nyekundu ya kubomoa ukutani haisomi bili. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ina ramani za mipango miji. Kuziona ni haki yako. Mtu asiyetaka uende kuziona, muulize kwa nini.

Tuje kwenye pagale lenyewe. Jengo lililokaa miaka kadhaa bila paa limenyeshewa hadi moyoni. Usilitazame kwa macho ya kupaka rangi. Nenda na fundi wako, siyo wa dalali. Mwambie achimbe pembeni mwa msingi auone umefika wapi. Atazame kama kuna nondo kwenye lenta au ni mawe na udongo tu. Chukua tofali moja lililobaki uwanjani, linyanyue hadi kiunoni, liachie. La haki litamegeka kona. Lililochakachuliwa litasambaratika liwe mchanga. Mfuko mmoja wa saruji kwa mfyatuaji mwaminifu hutoa tofali thelathini na kitu za inchi sita. Ukisikia mtu anajisifu kwamba anatoa hamsini, ujue ishirini kati ya hizo ni mchanga uliotiwa rangi ya saruji. Na uliza mchanga ulitoka wapi, maana mchanga wa pwani usiooshwa una chumvi, na chumvi hula nondo pole pole ndani ya zege.

Nakwambia haya kwa uchungu. Machi 29, 2013 jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Novemba 16, 2024 likaporomoka jengo la ghorofa Kariakoo, asubuhi, watu wakiwa kwenye biashara zao. Chumba cha Chanika si ghorofa, utasema. Kweli. Lakini ukuta wa chumba kimoja unatosha kuua mtoto mmoja, na huyo mtoto hatakuwa wako. Ndiyo maana nasema saruji usiibane. Bana rangi, bana vigae, bana geti la maua.

Sasa tuseme nyumba ipo, salama, na watu wanakuja kupanga. Uamuzi wa kwanza ni muda wa kodi. Mjini tumezoea miezi sita, wengine mwaka. Najua kwa nini: unapata fedha nzima, na hukimbizani na mtu kila tarehe moja. Lakini tazama wanaokuja Chanika. Muuza mbogamboga, dereva wa bodaboda, binti wa saluni, mlinzi. Hupata fedha kila siku, kidogo kidogo. Ukimwambia alete 300,000 kwa mkupuo ili akae kwenye chumba cha 50,000, wengi wao watakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu. Atahamia kwako tayari amelemewa, na mwezi wa saba hatakuwa na kitu. Chukua mwezi mmoja au miwili mwanzo, kisha kila mwezi. Utamfuata mara nyingi zaidi, lakini utakuwa na mpangaji anayekaa, na anayekaa ndiye faida.

Na wewe mwenyewe, kodi ya miezi sita inakudanganya. Fedha hiyo ni kama mahindi ya mbegu. Ukiyala Januari, Machi huna cha kupanda. Wangapi wamekula kodi ya mwaka kwenye harusi, choo kikajaa Aprili, wakamwambia mpangaji "vumilia"? Kama utapokea ya miezi mingi, igawe siku hiyo hiyo: fungu la matengenezo lisiguswe, fungu la kodi ya Serikali lisiguswe, kinachobaki ndicho chako.

Uamuzi wa pili ni umeme, na hapa nisikilize vizuri, maana ndipo nyumba nyingi zinapogombana. Mita ya LUKU ni moja, iko ukutani kwenye korido. Vyumba sita vinachanga kwa zamu, 5,000 kila kimoja. Chumba cha tatu kina friji la kuuzia barafu na juisi. Chumba cha kwanza kina taa moja na chaja ya simu. Umeme ukikatika tarehe 20, wote wanamtazama wa chumba cha tatu, na yeye anasema amelipa kama wengine. Juu ya hapo kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU, ikaanza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka 2023 ni 1,500. Inakatwa kwenye ununuzi wa umeme, kwa hiyo yule aliyefika zamu yake ya kununua anapata yuniti pungufu, wakati kodi ya jengo ni ya mwenye jengo.

Shilingi 1,500 ni ndogo, utaniambia. Kwako ni ndogo. Kwa anayenunua umeme wa 3,000 ni nusu. Basi funga submita kwa kila chumba tangu mwanzo, nyaya zikiwa wazi, kabla ukuta haujapigwa plasta, maana baadaye ni kuvunja. Na hiyo 1,500 irudishe kila mwezi, kwa kuipunguza kwenye kodi, na uandike. Hutakuwa umetoa sadaka. Utakuwa umelipa kodi yako.

Nikisema uandike, nina maana ya daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila chumba na ukurasa wake: jina la mpangaji, namba ya kitambulisho, ndugu wa kumpigia akiugua, siku aliyoingia, alicholipa, alichokidai kirekebishwe, siku ulipokirekebisha. Mkataba uwe wa maandishi kwa Kiswahili chepesi, nakala mbili, na ulipiwe ushuru wa stempu, maana usiolipiwa utakusumbua ukifika mbele ya hakimu. Uandikwe muda wa notisi, nani analipa maji, nani anatengeneza nini, na kodi itapandishwa lini na kwa taarifa ya muda gani. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo ulinzi mkubwa wa mpangaji wako leo ni mkataba wako na tabia yako. Usitumie nafasi hiyo kumwonea.

Na siku itakuja mmoja hatalipa. Itakuja tu. Hapo ndipo mwenye nyumba anajulikana. Nimeona bati limeng'olewa mtu akiwa ndani na mtoto mchanga. Nimeona kufuli jipya limetiwa juu ya kufuli la mpangaji, vyombo vyake vikiwa ndani, yeye amekaa kwenye ndoo nje mpaka usiku. Usifanye hivyo. Muulize kwanza. Aliyefiwa, aliyefukuzwa kazi juzi, mpe muda mliouandika pamoja. Asiyetaka kulipa, mpe notisi kwa maandishi, mpeleke kwa mjumbe na serikali ya mtaa, na ikishindikana nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Inachelewesha, najua. Fungu lako la akiba ni la kukuvusha hapo. Mwenye nyumba asiye na akiba ndiye anayekimbilia kung'oa bati.

Bado moja, na hili hukulitaja hata kidogo. Mkeo. Umesema "nitanunua", "nitajenga", "jina langu". Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Lakini usingoje mahakama ikuambie. Akiba hiyo uliiwekaje, kama siyo kwa sababu yeye alipika, akalea, akauza vitenge Jumamosi na kuacha wewe uhifadhi mshahara? Mwite, mfungulie daftari hili tuliloandika leo, na jina lake liingie kwenye karatasi. Andika na wosia wako. Kijana hafikirii kufa, lakini nyumba za kupangisha ni miongoni mwa mali zinazogombaniwa sana msibani, na wakati ndugu wanavutana kila mmoja anakwenda kudai kodi kwa mpangaji yule yule. Analipishwa mara mbili kwa kifo chako.

Basi hukumu yangu ni hii. Pagale la Chanika liache. Mteja mwingine akilichukua, lilikuwa lake. Mkopo wa milioni 30 usiusaini. Chukua sehemu ya akiba yako utafute kiwanja kilichopimwa, kidogo, mahali ambapo masika umepaona, na upekuzi umeufanya kwa mkono wako. Iliyobaki iweke kwenye hatifungani au mfuko mpaka uwe tayari. Kisha jenga vyumba viwili, siyo sita. Viwili vyenye msingi wa kweli, choo cha kweli, na mita zao. Pangisha hivyo. Jifunze kuishi na wapangaji wawili, ujue kugombana nao na kupatana nao, kabla hujawa na sita. Kodi ya hivyo viwili na akiba ya mshahara ndiyo ijenge cha tatu. Wakati wenzako wanajisifu kwa nyumba ya vyumba kumi yenye deni, wewe uwe na vinne visivyodaiwa na mtu.

Itachukua miaka. Ndiyo. Na hapo kati watakuja madalali wengine, kila mmoja na mwisho wake wa mwezi. Kila wakija, toa kalamu, andika zitakazoingia na zitakazotoka, kisha chini kabisa andika jina la atakayelipa ukikosea. Kama jina hilo si lako, usisaini.

Baraka ulizoniomba nakupa. Mungu akujalie kiwanja kisicho na ugomvi, fundi mwaminifu, mke anayekushauri na wewe ukamsikia, na wapangaji watakaohama siku moja kwenda kwenye nyumba zao wenyewe wakikutaja kwa wema. Kesho asubuhi mpigie dalali umwambie hapana, halafu nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri.